Niru Kwenye Njia ya Mbasa

Siku nilipokabidhi funguo za ofisi, ninyi vijana mnaobaki mliniuliza kwa nini naacha kiti cha kuzunguka na feni mpya, halafu naondoka na sahani ya bati na chujio la chai. Mmoja wenu akasema, "Mzee Kapinga anakwenda kufungua mgahawa." Mkacheka, nami nikacheka, maana ilikuwa sherehe yangu na soda zilikuwa zimeshafunguliwa. Sasa niko nyumbani, asubuhi sina pa kukimbilia, na kicheko kile kimenikaa kooni. Ndiyo maana nawaandikia. Habari za vyeo na semina mtazipata kwa wengine, wanazo tele. Mimi nitawaeleza habari za sahani, chujio, na samaki ambaye ninyi hamjawahi kumwona akipanda mto.

Mimi ni mtu wa milimani. Nimezaliwa Mpepai, katikati ya kahawa na mahindi, na maji niliyoyajua utotoni yalikuwa ya kuchota na ya kuzuia. Ya kuzuia nina maana ya ngolo, vile vishimo tunavyochimba Wamatengo kwenye mteremko, mstari juu ya mstari, ili mvua ikishuka mlimani ipumzike katika kila shimo na isiondoke na udongo wetu. Kuogelea sikujua. Nilipoambiwa nimepangiwa kazi ya msaidizi wa uvuvi kule Ziwa Nyasa, upande wa Ngumbo, mama yangu alilia kana kwamba napelekwa vitani. Baba alisema neno moja tu: "Usimwambie mtu kwamba maji huyajui." Nikashuka na sanduku langu la bati, na siri yangu ikadumu mpaka jioni ya siku ya kwanza.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye popo darini, na mkuu wangu alikuwa mwanamke. Bi. Zaituni, mtu wa Kilwa, msomi wa mambo ya samaki, aliyeletwa Nyasa akiwa binti na kila alipoletewa uhamisho akaukataa. Wananchi walikuwa wamezoea kumwita mtaalamu wa kilimo Bwana Shamba na wa uvuvi Bwana Samaki. Yeye wakamwita Bibi Samaki, wala hakununa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akivitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimevipaka rangi mpaka vinang'aa.

"Vua," akasema. "Tunaingia mtoni."

Mto wenyewe sitautaja. Wanaohusika wanaujua, na wasiohusika hawatausaidia. Tulipanda kando yake mpaka pale unapotoka kwenye vilima na maji yanapiga kelele juu ya mawe. Bi. Zaituni alijifunga khanga kiunoni, akaingia mpaka magotini, akanyanyua jiwe la ukubwa wa mkate na kuligeuza. "Unaona nini?" Nikamjibu naona jiwe. "Hebu tazama tena, Kapinga. Serikali haikukuajiri uone jiwe."

Ndipo nikawaona. Jiwe zima upande wa chini lilikuwa na wakazi. Wengine walikuwa bapa kabisa, kama wamekanyagwa na gari, miguu imetanuka, wanakimbia kiubavu kukwepa jua. Wengine walikuwa ndani ya vijumba walivyojijengea kwa chembe za mchanga, mzigo wa kuwatuliza chini wasipeperushwe na maji. Na pale maji yalipopita kwa kasi kuliko kote, juu ya jiwe, walining'inia vijidudu vyeusi kama punje za uwele, kila kimoja kimejishikiza kwa mkia. Hao ni watoto wa usubi, akaniambia. Anatema uzi wake, anaubandika kwenye jiwe, kisha anaushika kwa kulabu za mkiani, anangoja maji yamletee chakula. Msiwasahau hao, nitarudi kwao.

"Maji haya yanaweza kukubeba wewe mwanamume mzima," Bi. Zaituni akasema, na kweli nilikuwa nimeng'ang'ania tawi kwa mikono miwili. "Huyu bapa hayambebi. Kwa nini? Kwa sababu jiwe linayashika maji. Ukikaribia jiwe kabisa, maji yanakuwa yamechoka, karibu hayaendi. Yeye amelala ndani ya hayo yaliyochoka. Hashindani na mto. Amejua tu mahali mto usipokuwa na nguvu." Kisha akanitazama vizuri. "Na wewe acha hilo tawi. Hujui kuogelea, sivyo?" Siri ya baba ikaishia hapo.

Sahani na chujio vilikuwa vyake. Alikuwa akikomba maji ya pembeni kwa chujio, anayamimina kwenye sahani nyeupe, tunachuchumaa kutazama. Mtoto wa kereng'ende yeye hana haja ya kupiga miguu akitishwa, anayanywa maji kwa nyuma na kuyatema kwa nguvu hukohuko nyuma, anachomoka kama risasi. Kuna mwingine mwenye miguu miwili mirefu yenye vinywele. Akivuta nyuma vinywele vinafunguka, akirudisha mbele vinajikunja, maji yasimkamate. Miezi michache baadaye wavuvi wa Mbaha waliponifundisha kupiga kafi, wakanicheka kwa namna ninavyozunguka na mtumbwi palepale, nilikumbuka yule mdudu. Nikaanza kulirudisha kafi kwa ukingo wake badala ya ubapa. Mtumbwi ukanyooka. Hawakuacha kucheka, ila walibadilisha sababu.

Somo nililolipenda zaidi alinipa ofisini, saa nne, tukinywa uji. Aliniambia nikoroge, kisha niache ghafla. Mwiko ukasimama palepale. "Basi kwa mdudu mdogo, maji ndivyo yalivyo," akasema. "Akiacha kupiga kasia amesimama, hata nusu ya unywele hatelezi mbele. Samaki mkubwa akiacha kupiga mkia bado anakwenda. Mto ni mmoja, Kapinga, lakini kila mmoja anakutana na maji yake. Ukitaka kumsaidia mtu yeyote wa majini, kwanza uliza maji yake yakoje." Nimekaa kwenye semina nyingi tangu siku ile, zenye projekta na chai ya vitafunwa viwili. Hakuna aliyenifundisha kitu kikubwa kuliko ule mwiko.

Mvua zilipoanza nikamwona mbasa. Ninyi mnamjua kama samaki anayekuja kwenye barafu kutoka sehemu nyingine. Mimi nazungumzia mbasa akiwa hai, mrefu, mweupe wa kumeremeta kama kijiko kipya, akiacha ziwa na kuingia mtoni kutafuta changarawe safi ya kutagia huko juu. Wavuvi walijua siku kwa rangi ya maji tu. Bi. Zaituni alinikalisha juu ya mwamba, akaniambia nichague mmoja nimfuate kwa macho. Nilitegemea kuona ubabe. Sikuona. Mbasa alikuwa anaingia nyuma ya jiwe, anatulia, mkia unacheza kidogo tu. Halafu anachomoka mpaka nyuma ya jiwe la pili, anatulia tena. Mto mzima aliupanda kwa kupumzika.

"Bi," nikasema, "hii ni ngolo."

Akauliza ngolo ni nini. Nikamweleza, mvua inashuka mlimani kwa kupumzika, huyu anapanda kwa kupumzika, shimo na jiwe kazi yao moja. Yule mama alipiga makofi kama mtoto. Tangu hapo akawa anasema "ngolo ya samaki" mpaka mbele ya wakubwa, na wakubwa wakidhani ni neno la kitaalamu wanaliandika.

Miaka ya katikati nitaipitia haraka. Tulifukuzana na watu wa utupa, waliopondaponda majani yake ya sumu na kulevya samaki mto mzima pamoja na wadudu wake. Tulikamata vyandarua vya mbu vilivyogeuzwa nyavu, tukatukanwa Kinyasa na Kimpoto, lugha ambazo Bi. Zaituni alizielewa na kujifanya hazielewi. Nilioa. Mke wangu Benigna ni wa kwetu milimani, na kaka yake, Osmundi, ni fundi mwashi. Si fundi wa kubahatisha. Sakafu aliyoipiga niru Osmundi, yaani kuilainisha juu kwa simenti, unaweza kumimina mchele ukaukusanya wote kwa kiganja. Makanisa yalimgombania.

Ndipo likaja banio. Kule chini kulikuwa na uwanda mzuri wa mpunga, wananchi walihitaji maji, na sikatai, walikuwa na haki yao. Ikaamuliwa mto uzibwe kwa ukuta wa zege pale pale chini ya vilima. Bi. Zaituni aliposikia hakulala. Aliwafuata wahandisi, nao, niseme ukweli, walikuwa watu waungwana. Walimsikiliza. Wakakubali kwamba pembeni mwa ukuta kuwe na njia ya samaki, mfereji wa mteremko, na ndani yake mawe ya mtoni yaliyochimbiwa kwenye zege, yakitokeza vichwa huku na huku, ili maji yavunjike na mbasa apate mahali pa kutulia. Fundi aliyepewa kazi ni shemeji yangu Osmundi.

Bi. Zaituni alimwita Osmundi mtoni, akamwonyesha wadudu kwenye sahani nyeupe, akamweleza yote aliyonieleza mimi. Osmundi alisikiliza akiwa amekunja mikono. Mwisho akasema, "Nimeelewa, Bibi. Ni ngolo." Nilijisikia fahari siku ile, huyu ndugu yetu hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliyachagua mawe mwenyewe, moja moja, akakataa yaliyo laini, akayapanda kwenye zege mbichi kama mtu anayepanda migomba. Mvua za kwanza zikakuta mfereji uko tayari. Baada ya wiki kadhaa tukapitisha chujio pale, tukawakuta wale bapa wameshahamia. Kisha siku moja, mimi na Bi. Zaituni tumesimama ukingoni, mbasa akaingia. Akatulia nyuma ya jiwe la kwanza. Akachomoka. Akatulia. Alipofika juu na kuvuka ukuta, Bi. Zaituni alinishika mkono akasema, "Kapinga, wamepita. Sasa hata nikihamishwa sijali." Nawaambia hivi mjue kwamba ile njia ilifanya kazi. Isije ikasemwa baadaye kwamba lilikuwa wazo tu la Bibi mmoja wa Kilwa.

Kiangazi kilichofuata ikatangazwa siku ya uzinduzi. Mgeni rasmi anakuja. Mnajua neno hilo linavyofanya watu. Kamati ya maandalizi ikaundwa, ngoma ya kioda ikaanza mazoezi, choo kikajengwa ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukitumia. Wakati huohuo mimi na Bi. Zaituni tuliitwa Songea kwenye semina. Semina ilihusu umuhimu wa kuwashirikisha wadau. Tulikula vizuri.

Tulirudi asubuhi ya uzinduzi. Kabla hatujafika kwenye banio, Bi. Zaituni alisimama barabarani ghafla. Pande zote mbili za barabara mpya, mpaka kwenye turubai la wageni, palikuwa pamepangwa mawe yaliyopakwa chokaa, meupe, yamenyooka kama watoto wa shule mstarini. Aliinama akalishika moja. "Hili ni langu," akasema kwa sauti ndogo. Tukakimbia. Nami sikuwa nimewahi kumwona yule mama akikimbia.

Mfereji ulikuwa umepigwa niru. Wote, sakafu na kuta. Pale palipokuwa na mawe pamezibwa na kusawazishwa, na kingo zimepakwa rangi ya buluu na nyeupe. Maji yalikuwa yanateremka mle bila sauti, yamenyooka, ungesema ni kioo kinachomwagika. Osmundi alikuwa amesimama kando na shati jipya.

"Shemeji," nikamwambia, "umefanya nini?"

"Kamati imesema panaonekana kama hapajamalizika," akajibu. "Mawe yamechomoza, zege limekwaruza. Mgeni rasmi angefikiri fundi amekimbia na simenti."

"Na wewe ulijua mawe yale ni ya nini!"

"Nilijua." Akatazama chini. "Lakini jina litakalosemwa ni langu, shemeji. Hakuna mtu anayemwuliza samaki nani alimjengea."

Mtu aliyekulia kwenye ngolo! Mtu ambaye baba yake alimchapa kwa kuacha mteremko bila vishimo! Nilitaka kumsukuma mle ndani ateleze mpaka ziwani. Mgeni rasmi alipofika akapitishwa kwenye mfereji, akainama, akaupapasa kwa kiganja, akasema hii ndiyo kazi inayotakiwa na wengine waje waige. Osmundi akaitwa mbele, akapigiwa makofi. Kisha mshereheshaji akamkaribisha Bibi Samaki aseme neno la shukrani. Alisimama, akashika kipaza sauti. "Nashukuru," akasema. "Naomba mnirudishie mawe yangu." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Walidhani ni utani wa watu wa Pwani.

Mvua zikaja, na mbasa wakaja. Waliingia kwenye mfereji, wakapiga mkia, wakafika katikati, na katikati hapakuwa na pa kutulia. Maji ya pale yalikuwa na kasi ileile juu mpaka chini, na hata samaki mwenye nguvu hawezi kupiga mbio bila kupumua. Wakawa wanateleza kurudi, wanajaribu tena, wanagonga ukuta, wanateleza. Chini ya banio wakajaa mpaka maji yakawa yanachemka kwa migongo. Watu wakateremka na vikapu, beseni, mpaka neti za madirishani. Akina mama wakapiga vigelegele. Banio limeleta neema! Bi. Zaituni alikuwa katikati ya maji na khanga yake, anapiga kelele waache, wanachukua wenye mayai. Mwenyekiti wa kamati ya banio, aliyekuwa bado kijana kipindi hicho, akamwambia kwa upole kabisa, "Bibi Samaki, hatujawahi kupata samaki hivi. Mbona wewe ndiye unayenuna?"

Mwaka uliofuata walipungua. Uliofuata wakapungua zaidi. Lawama ikapewa tabianchi.

Hatukukaa kimya, msifikiri. Tuliomba mawe yarudishwe, tukaambiwa mradi umeshakabidhiwa, kutoboa zege ni kuharibu miundombinu ya umma. Tukaomba kwa barua, tukaambiwa tusubiri bajeti. Tukabeba mawe kwa mikono yetu na kuyapanga mle bila simenti. Siku ya msaragambo wananchi wakasafisha mfereji, wakayatoa mawe yetu yote wakayatupa, wakasugua na ukoga kwa ufagio wa chuma. Palimeremeta. Usafi ule ulipewa zawadi.

Nilisema nitarudi kwa usubi. Siku moja Bi. Zaituni alipitisha kidole kwenye niru, chini ya maji, kikatoka na weusi kama manyoya. "Tazama nani amefurahi," akasema. Wale vijidudu wa mkia, ndio pekee ambao maji ya namna ile kwao ni raha: kasi, sakafu laini ya kubandika uzi, na hakuna mwenzao wa kuwasumbua. Mbasa tulimfungia mlango, usubi tukampangisha. Wakaanza kuuma watu shambani mpaka watu wakalima wamejifunika mashuka. Wakaja wataalamu, ikafanyika semina, ikamwagwa dawa, dawa ikaua na wale bapa waliobaki. Mwaka uliofuata usubi walirudi, wale bapa hawakurudi.

Bi. Zaituni alistaafu akarudi Kilwa. Stendi ya Mbinga alinikabidhi sahani na chujio, akasema, "Mimi nitakuwa nauliza tu." Na ameuliza. Kila mwaka mvua zikichanganya, simu inaita, salamu haichukui muda, kisha: "Wamepita?" Mwanzoni nilikuwa namweleza juhudi zetu, barua tulizoandika, ahadi tulizopewa. Baadaye nikawa nasema, "Bado, Bi." Miaka ya mwisho alikuwa akiuliza, na bila kungoja jibu anasema, "Haya, wasalimie nyumbani." Osmundi naye alizeeka. Tukikutana kwenye misiba tunaongea habari za mvua. Jina lake bado linasemwa, hilo nimpe. Wageni wakipelekwa kwenye banio wanaambiwa niru ile ilipigwa na fundi Osmundi na mpaka leo haijapata ufa.

Sasa sherehe yangu ya kuagwa. Mlikuwepo, lakini nyinyi mliona kitu kimoja na mimi nikaona kingine. Mvua zilikuwa zimechanganya. Mwenyekiti wa kamati ya banio, yuleyule, sasa ana mvi, alisimama na kifurushi cha majani ya mgomba. Akasema, "Mzee wetu Kapinga amepigania mbasa maisha yake yote. Sisi tukasema hatuwezi kumuaga kwa saa ya ukutani. Vijana wamekesha mtoni wiki nzima kumtafutia." Akafungua majani. Mbasa. Mkubwa, bado mbichi, pua imevilia damu. "Tumempata chini ya banio asubuhi hii," akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. Hakuwa ananikejeli. Laiti angekuwa ananikejeli!

Alinipa kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo. Mnajua kwetu zawadi ya namna hiyo mzee hairudishi. Nikapokea. Nikasema asanteni sana, Mungu awabariki. Nanyi mkapiga makofi, mmoja wenu akapiga picha. Sijui kama alikuwa wa mwisho. Ninachojua ni kwamba miaka kadhaa nilikuwa sijamwona mwingine, na tangu hapo sijasikia.

Nilifika nyumbani nimebeba samaki mkono mmoja, sahani na chujio mkono mwingine. Benigna alimpasua akaita, "Baba, njoo uone, amejaa mayai pande zote mbili! Na hii pua, alikuwa anapigana na nini?" Osmundi alikuwa amekuja kunipa hongera, akakaa barazani, akasema leo tutakula vizuri. Benigna akasonga ugali wa muhogo. Mayai, kwa kuwa yalikuwa mengi, aliyapakua peke yake kwenye chombo cha kwanza alichokiona. Sahani yangu nyeupe.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumenawa, simu ikaita. Bi. Zaituni siku hizi masikio yamechoka, anapaza sauti, chumba kizima kinamsikia.

"Hongera, Kapinga! Wamekuaga vizuri?"

"Vizuri, Bi."

"Wamekupa nini?"

Ningeweza kusema saa ya ukutani. "Mbasa," nikasema.

Nilisikia majogoo wa Kilwa kwenye simu. "Ametoka wapi?"

"Chini ya banio."

"Jike au dume?"

Nikaitazama sahani. "Jike, Bi."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana. Alivuta pumzi moja ndefu, kisha akasema taratibu, kwa sauti ile ya zamani ya ofisini, "Haya. Mleni angali moto." Akakata.

Osmundi hakunyanyua uso. Nilichukua sahani nyeupe nikaiweka mbele yake.

"Kula, fundi," nikamwambia.

Akala.